Je, Wajua? Yaliyofichika Nyongani na Picha Zinazoyafichua

Je, wajua kwamba nyonga unayoikalia hivi sasa ulizaliwa nayo ikiwa vipande vipande? Kila upande wa nyonga ya mtoto mchanga una mifupa mitatu iliyoshikanishwa na gegedu, na mifupa hiyo huja kuwa mmoja mtu anapofikia ujana. Ndiyo maana picha ya eksirei ya mtoto wa miaka minane huonyesha mistari myeusi inayokatiza kwenye tundu la paja. Aliyezoea kusoma picha za watu wazima tu anaweza kuiona mistari hiyo akasema mfupa umevunjika, na mtoto akalazwa kitandani wiki kadhaa bila sababu.

Leo tuko Kabondo-Dianda, mji wa reli huko Haut-Lomami, kati ya Kamina na Bukama. Katika mpangilio wa Kongo, hili ni eneo la afya, na kila eneo la afya limepangiwa Hospitali Kuu ya Rufaa na vituo vya afya vinavyoizunguka. Wanaoandikiwa picha ya nyonga katika mji wa namna hii ni watu tunaoishi nao: mama mjamzito, mwanamke ambaye tumbo linakua na mimba hana, mtoto anayechechemea, kijana aliyeanguka na baiskeli ya mizigo, mzee ambaye mkojo umekataa kutoka. Nashikilia jambo moja: karibu maswali yao yote yanajibiwa na mashine mbili, eksirei na ekografi, ambayo Tanzania na Kenya wanaiita altrasaundi. Masharti ni mawili. Anayezishika awe amefundishwa, na baada ya jibu pawepo pa kumpeleka mgonjwa.

Je, wajua kwamba ekografi ya nyonga ilijaribiwa kiwandani? Mwaka 1955 Ian Donald, profesa wa ukunga wa Glasgow huko Uskoti, alisikia kwamba mafundi wa Babcock & Wilcox, watengenezaji wa boila mjini Renfrew, hutumia mawimbi ya sauti kutafuta nyufa ndani ya chuma. Akapakia kwenye buti za magari mawili vivimbe vilivyotoka kukatwa kwa wagonjwa, vya kizazi na vya ovari, akaenda navyo huko. Wenyeji wake wakamwandalia pande kubwa la nyama ya ng'ombe la kulinganishia. Mwangwi ukatofautiana waziwazi: uvimbe wa maji uliiachia sauti ipite kimya, uvimbe wa nyama uliirudisha.

Baadaye akaletewa mwanamke ambaye tumbo lilikuwa limejaa, naye amekwisha kuambiwa kwamba ana saratani ya tumbo isiyofaa tena kupasuliwa. Mwangwi ukaonyesha mfuko mmoja mkubwa wa maji wenye kuta zake. Alipopasuliwa ukatolewa uvimbe wa ovari, na akapona. Donald, daktari mwenzake John MacVicar na mhandisi kijana Tom Brown walichapisha matokeo yao katika jarida la Lancet tarehe 7 Juni 1958. Habari hii naithamini sana kwa sababu aliyeokolewa hakuwa na ugonjwa wa nadra. Alikuwa na uvimbe wa nyonga ambao wote walikuwa wamekwisha kuukatia tamaa, na wanawake wa namna yake wapo katika kila eneo la afya.

Sauti ya ekografi husafiri ndani ya mwili mita 1,540 kwa sekunde. Sikio la binadamu huishia kwenye mitetemo 20,000 kwa sekunde, na kifaa cha kupimia tumbo hutoa kati ya milioni 2 na milioni 5. Haitoi mnururisho wowote. Jeli ile baridi inayopakwa tumboni kazi yake ni kuondoa hewa kati ya kifaa na ngozi, kwa kuwa sauti hiyo hewani haifiki popote.

Je, wajua kwa nini unaambiwa unywe maji na usiende haja ndogo? Kibofu kilichojaa huusukuma kando utumbo wenye hewa, na maji yake hupitisha sauti vizuri mno. Mpimaji huweka kifaa juu tu ya mfupa wa kinena, akakiinamisha kuelekea miguuni. Kwenye skrini kibofu hutokea kwanza, cheusi tititi, ukuta wake ukiwa mstari mwembamba mweupe. Nyuma yake kinaonekana kizazi, cha kijivu, na katikati yake mstari wa utando wa ndani ambao unene wake hubadilika kwa siku za mwezi. Kisha anakigeuza kifaa na kutafuta ovari, moja kulia na moja kushoto, zenye vidoa vyeusi vya vifuko vya mayai. Nyuma kabisa, kati ya kizazi na utumbo mkubwa, kuna uchochoro ambao kwa mwanamke aliyelala chali ndio bonde la chini kabisa la nyonga. Damu au usaha ukivuja popote, hukusanyika hapo. Mpimaji mzuri haondoi kifaa kabla hajapachungulia. Vikombe vitatu au vinne vya maji, saa moja kabla, vinatosha. Ila ukipimwa kwa njia ya uke, kibofu kinatakiwa kiwe kitupu.

Uchochoro huo umeokoa maisha mengi. Mwanamke amekosa hedhi, kipimo cha mkojo kinasema ana mimba, upande mmoja wa tumbo unauma, kisha anazimia. Ekografi inaonyesha kizazi kitupu na weusi wa maji nyuma yake. Daktari hapo huwaza kwanza mimba iliyotungwa nje ya kizazi na kupasuka, wala hangoji picha ya pili. Kinachohitajika ni chumba cha upasuaji na damu ya kuongezea, tena ndani ya saa chache.

Je, wajua kwamba fibroidi ni nyingi kuliko wanawake wanavyodhani? Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 nchini Marekani uliwapima wanawake kwa ekografi ukakuta kwamba, hadi kufikia miaka 50, zaidi ya 80 kati ya kila wanawake weusi 100 huwa wamepata vivimbe hivi vya kizazi, na kwa wanawake weupe karibu 70. Wengi hawakuwa na habari navyo. Basi ripoti ikiandika "fibroidi" isikutie hofu, wala isipewe lawama ya kila maumivu. La kuuliza ni ukubwa wake, na zaidi mahali pake: kivimbe kidogo kinachochomoza ndani ya chumba cha kizazi hutoa damu nyingi kuliko kikubwa kilichoning'inia nje. Vinapozeeka hujaa chokaa, na hapo hata eksirei huviona.

Na je, wajua kwamba eksirei ya nyonga inaweza kuonyesha meno? Si mtu kalishwa kitu wala si mkono wa jirani. Ovari ina chembe zenye uwezo wa kuzaa kila aina ya tishu, na mara nyingine chembe mojawapo hukua peke yake ikawa uvimbe wenye mafuta, nywele, ngozi na meno halisi. Vingi kati ya vivimbe hivi havina saratani. Hatari yake ni kwamba ovari iliyoelemewa inaweza kujisokota na kujikatia damu, na maumivu ya hapo huja ghafla na kutapika juu yake. Mwanamke aliyetolewa uvimbe wenye meno anastahili kuelezwa hivi kwa utulivu, mbele ya mume wake na wakwe zake ikibidi, kabla maneno hayajaenea mtaani.

Sasa habari ya ardhi ya Katanga yenyewe, ambayo Haut-Lomami ilikuwa sehemu yake. Mwaka 1915 Mwingereza Robert Sharp aliitambua miamba ya urani huko Shinkolobwe, karibu na Likasi, na kuanzia mwaka 1922 kampuni ya Union Minière ikawa inachenjua radiamu kutoka kwenye miamba hiyo kwenye kiwanda cha Olen, Ubelgiji. Gramu moja ya radiamu ilikuwa inauzwa zaidi ya dola 100,000. Madini ya Katanga yalipoingia sokoni bei ikashuka hadi kama 70,000, na wachimbaji wa Marekani wakafunga migodi yao. Radiamu iliwekwa wapi? Sehemu yake ilikwenda nyongani. Ilitiwa kwenye mirija midogo na kuingizwa ndani ya kizazi kutibu saratani ya shingo ya kizazi, tiba iliyokuwa ikifanywa Stockholm, Paris na kwingineko. Wanawake wengi wa Ulaya waliongezewa miaka na mawe yaliyochimbwa na wanaume wa Katanga.

Haikuishia kwenye radiamu. Mwaka 1951 madaktari wa Kanada walianza kutibu saratani kwa kobalti iliyopitishwa kwenye kinu cha nyuklia, na mgonjwa wa kwanza wa mjini Saskatoon alikuwa mama wa watoto wanne mwenye saratani hiyohiyo ya shingo ya kizazi. Aliishi zaidi ya miaka 40 baada ya hapo. Katanga wakati ule ndiyo iliyokuwa mbele duniani kwa kobalti, na leo zaidi ya theluthi mbili ya kobalti yote ya dunia hutoka Kongo. Kinu cha kwanza cha nyuklia barani Afrika kiliwashwa Kinshasa mwaka 1959. Nayasema haya nikiwa na uchungu. Nchi iliyoipa dunia dawa ya saratani ya nyonga bado inazika wanawake kwa saratani ambayo, ikiwahiwa, inazuilika kwa chanjo na kwa uchunguzi unaotumia siki na taa.

Je, wajua ni nani aliyewaondolea wajawazito eksirei za mazoea? Ni Alice Stewart, daktari wa Oxford. Katika miaka ya 1950 watoto walikuwa wakifa kwa saratani ya damu, na yeye akaamua kuwauliza mama zao kila kitu kuhusu mimba na malezi. Kwa maneno ya akina mama hao aligundua kwamba watoto waliokufa kwa saratani walikuwa wamepigwa eksirei tumboni mara mbili hivi zaidi ya watoto wazima. Alitangaza mwaka 1956, akatoa utafiti kamili mwaka 1958, na ilimchukua miaka mingi kuaminiwa na wenzake.

Lakini tusivuke mpaka wa upande wa pili. Picha moja ya kawaida ya nyonga hutoa milisiviati 0.7 hivi, na dunia yenyewe, kwa udongo wake na miale ya angani, hutupa wastani wa 2.4 kila mwaka. Mwanamke aliyepigwa picha kabla hajajua kwamba ana mimba asishauriwe kuitoa kwa sababu hiyo. Tume ya kimataifa ya kinga dhidi ya mnururisho ilisema wazi mwaka 2000 kwamba kipimo kilicho chini ya miligrei 100 si sababu ya kutoa mimba, na picha moja ya nyonga humfikishia mtoto tumboni miligrei moja au mbili tu, nadra kufika nne.

Je, wajua kwamba vitabu vya ukunga vilipima nyonga za Wazungu na kuziita za kawaida? Mwaka 1933 William Caldwell na Howard Moloy wa New York waligawa nyonga za wanawake katika maumbo manne, na moja likaitwa la kike hasa: la mviringo, pana kwa ubavu. Miaka 85 baadaye, mwaka 2018, Lia Betti na Andrea Manica walipima mifupa ya nyonga kutoka sehemu mbalimbali za dunia wakakuta kwamba njia ya uzazi hutofautiana sana. Ya wanawake wa Afrika kusini mwa Sahara ina kina kirefu zaidi kutoka mbele kwenda nyuma. Ya wenyeji wa asili wa Amerika ni pana zaidi kwa ubavu. Zote ni nzima. Mtoto hupita katika njia hizo kwa kujigeuza kwa namna tofauti, na mkunga anayelazimisha mgeuko mmoja kwa wote anakosea.

Kupima nyonga kwa eksirei ili kutabiri uzazi kulikuwa mazoea ya hospitali kubwa kwa miaka mingi. Majaribio yaliyolinganisha wanawake yalionyesha kwamba waliopimwa hivyo walipasuliwa zaidi, na hapakuonekana faida iliyo wazi kwao wala kwa watoto wao. Kichwa cha mtoto hujikunja, maungio ya nyonga hulegea, na hakuna picha inayoona nguvu ya uchungu. Kipimo kilichobaki ni uchungu wenyewe, ukifuatiliwa kwenye chati ya partografu ambayo Hugh Philpott aliiboresha Harare mwaka 1972 kwa ajili ya wakunga waliokuwa mbali na daktari. Mstari ukivuka pale pasipotakiwa, mama huhamishwa. Asipohamishwa, kichwa hukaa kimebana siku mbili, tatu, nyama kati ya kibofu na uke hufa, na hapo huzaliwa fistula, ambayo hospitali ya Panzi ya Bukavu, iliyoanzishwa na Denis Mukwege mwaka 1999, imeishona kwa maelfu ya wanawake.

Upasuaji wa kumtoa mtoto nao si mgeni kwetu. Mwaka 1879 mmisionari Mwingereza Robert Felkin alishuhudia huko Kahura, Bunyoro, katika Uganda ya leo, mganga wa kienyeji akimpasua mwanamke kijana na kumtoa mtoto akiwa hai. Mganga alimnywesha mama pombe ya ndizi, akaitumia pia kunawa mikono na kuosha tumbo, akafunga jeraha kwa vijiti saba vya chuma na uzi wa gome, akapaka dawa ya mizizi. Mama alipona. Ulaya wakati huohuo wanawake wengi waliopasuliwa walikufa.

Je, wajua kwamba eksirei haikioni kichwa cha mfupa wa paja wa mtoto mchanga? Bado ni gegedu tupu, na mfupa huanza kuonekana kati ya mwezi wa tatu na wa sita. Kwa umri huo chombo ni ekografi, njia iliyoanzishwa na Reinhard Graf wa Austria mwaka 1980. Kinachotafutwa ni nyonga iliyoteguka au yenye tundu lisilo na kina, tatizo linalowapata zaidi wasichana, wazaliwa wa kwanza na waliotangulizwa makalio. Ajabu ni kwamba madaktari wa mifupa Afrika hukutana nalo mara chache sana. Sababu mojawapo inayotajwa ni mgongo wa mama. Mtoto aliyebebwa kwa kitenge, miguu imepanuliwa na magoti yamekunjwa, kichwa cha paja chake kinakaa sawasawa ndani ya tundu. Kwa watu waliowafunga watoto wao miguu ikiwa imenyooshwa, kama Wanavajo wa Marekani, tatizo lilikuwa kubwa. Japani ilianza kampeni mwaka 1975 ya kuwaomba akina mama waache kuwafunga hivyo, na wagonjwa wakapungua sana. Basi mama wa Kabondo-Dianda asiambiwe na yeyote kwamba kubeba mgongoni kunaharibu miguu ya mtoto.

Kinachoharibu nyonga za watoto wetu ni selimundu. Kati ya watoto 100 wanaozaliwa Kongo, mmoja au wawili wana ugonjwa huo. Seli za damu zilizojikunja huziba mishipa midogo inayolisha kichwa cha paja, mfupa hukosa damu na kufa. Hapa ndipo wazazi wanapodanganywa na picha: miezi ya kwanza eksirei huweza kuonekana safi kabisa huku mtoto akilia kwa maumivu ya kinena, au hata ya goti, kwani maumivu ya nyonga hupenda kujitokeza gotini. MRI, mashine ya picha inayotumia sumaku, ndiyo inayoona mapema. Pasipo MRI, mtoto wa selimundu anayechechemea apewe magongo apunguze uzito kwenye mguu huo, na picha irudiwe baada ya wiki kadhaa. Mfupa ukishabonyea, umbo lake halirudi. Homa ikiwapo, fikiria pia usaha ndani ya mfupa, ambao kwa watoto hawa mara nyingi huletwa na bakteria wa salmonela.

Je, wajua kwamba eksirei ya nyonga huhifadhi historia ya mtu? Vidoa vyeupe kwenye makalio huweza kuwa chokaa iliyojikusanya palipodungwa sindano miaka mingi nyuma. Tena kwinini ya makalioni, ikipigwa vibaya, hugusa mshipa mkubwa wa fahamu na kumwacha mtoto akiburuta mguu. Viduara vidogo pembeni mwa kibofu mara nyingi ni mawe ya ndani ya vena, hayana madhara. Pembetatu nyeupe kwenye mifupa ya nyonga ya mwanamke, karibu na uti wa mgongo, mara nyingi ni alama tu ya mwili uliozaa. Vipande vyenye umbo la punje ya mchele ndani ya misuli ya mapaja huashiria tegu wa nguruwe. Na vipande vilivyojikunja kwa umbo la mwezi mwandamo, vimetapakaa tumboni na nyongani, ni mabaki ya kimelea cha nyoka kiitwacho Armillifer, kinachojulikana Kongo na Afrika Magharibi, kinachoingia kwa kula nyama ya nyoka isiyoiva au kushika nyama hiyo mbichi. Wengi wenye alama hizo hawaumwi kitu. Mpimaji asiyezijua anaweza kumwandikia mtu ugonjwa asio nao.

Kichocho nacho huandika jina lake nyongani. Mayai ya mdudu aliyegunduliwa na Theodor Bilharz mjini Cairo mwaka 1851 hunasa kwenye ukuta wa kibofu, chokaa hujenga juu yake, na picha huonyesha kibofu kilichozungukwa na mstari mweupe. Ekografi huona mapema zaidi: ukuta mnene, vinundu, figo zilizojaa maji kwa sababu mirija imebana. Huko Msambweni, pwani ya Kenya, watafiti walikwenda vijijini na mashine tangu miaka ya 1980 wakaona jambo la kutia moyo: baada ya dawa ya prazikwanteli, vidonda vya watoto wengi vilipungua au kufutika ndani ya miezi. Mwaka 1994 mdudu huyu aliwekwa rasmi katika kundi la visababishi vya saratani. Kwa wanawake, mayai hukaa pia kwenye shingo ya kizazi na uke, yakaleta damu na maumivu ambayo mara nyingi hutibiwa kama magonjwa ya zinaa. Wasichana wangapi wametukanwa kwa ugonjwa walioupata wakiteka maji!

Je, wajua kwamba kipimo cha mirija ya uzazi huweza chenyewe kusaidia kupata mimba? Dawa inayoonekana kwenye eksirei huingizwa kupitia shingo ya kizazi, ikajaza chumba, ikapita mirijani, na ikimwagika tumboni maana yake mirija iko wazi. Mwaka 2017 Waholanzi waliwalinganisha wanawake 1,119: kati ya waliotiwa dawa yenye mafuta, karibu 40 katika 100 walipata mimba iliyoendelea ndani ya miezi sita, kwa dawa ya maji walikuwa 29. Kabla ya hapo lakini, mbegu za mume zipimwe. Ni kipimo rahisi, hakiumi, na ni dhuluma kumpitisha mke kwenye sindano na mirija wakati bwana hajaulizwa lolote.

Je, wajua kwamba ekografi peke yake haikupunguza vifo? Jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2018 lilipeleka mashine vijijini Kongo, Kenya, Zambia, Pakistan na Guatemala. Wauguzi, wakunga na mafundi walifundishwa vizuri, na kila mjamzito alipangiwa vipimo viwili. Nchini Kongo lilifanyika Équateur. Matokeo: vifo vya akina mama na watoto havikupungua, na waliojifungulia hospitali hawakuongezeka. Wapo waliosoma hapo wakasema mashine hazina kazi vijijini. Mimi nasoma vingine. Mpimaji aliliona kondo la nyuma limeziba njia, akaandika, akamtuma mama hospitali. Je, barabara ilipitika? Nauli ilikuwapo? Mpasuaji, damu na umeme vilikuwapo usiku ule? Shirika la Afya Duniani linashauri ekografi moja kabla ya wiki 24, nami naunga mkono, ila bajeti ya mashine ije pamoja na bajeti ya pikipiki ya rufaa na jokofu la damu.

Mbiombio sasa. Skana ya CT, eksirei inayochorwa na kompyuta, ina mizizi Afrika: Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, alianza kufikiria hesabu zake akiwa hospitali ya Groote Schuur, Cape Town, mwaka 1956, akashiriki Tuzo ya Nobel mwaka 1979. Sumaku ya MRI ya kawaida ina nguvu mara 30,000 hivi ya sumaku ya dunia. Lile bamba la risasi la kufunika sehemu za siri wakati wa eksirei, wanafizikia wa tiba wa Marekani walishauri mwaka 2019 liachwe, kwani huweza kuficha kile kinachotafutwa na faida yake ni ndogo mno. Saratani ya tezi dume ikihamia kwenye nyonga, mfupa huonekana mweupe kupita kiasi, tofauti na saratani nyingi zinazoula mfupa ukawa na matundu. Na ovari zote mbili zikivimba kwa haraka kwa msichana mdogo, wa Uganda au wa Kongo, daktari akumbuke uvimbe ambao Denis Burkitt aliueleza kutoka Kampala mwaka 1958. Unakua haraka mno, na dawa huuyeyusha haraka vilevile.

La mwisho ni la barabarani. Je, wajua kwamba nyonga ya mtu mzima ni nadra kuvunjika mahali pamoja? Ni duara gumu. Ukiona ufa mbele, utafute mwingine nyuma. Damu inayovuja humo huweza kuua bila kuonekana nje hata tone. Kwa aliyeanguka na pikipiki au kugongwa, usimkalishe, usimpanue miguu, wala usimbonyeze nyonga kuona kama inacheza. Mlaze, unganisha magoti na vifundo vya miguu kwa kitambaa, kisha kunja kitenge kiwe kipana na umzungushie chini kuliko watu wanavyodhani: si kiunoni penye mkanda, bali usawa wa yale matuta ya mfupa wa paja unayoyapapasa pembeni, chini ya nyonga. Watu wawili wakaze, kisha funga, andika saa mliyofunga, na kitenge kisifunguliwe mpaka mfike kwa daktari.